Kona ya kusomea nyumbani Moshi: dirisha la kaskazini au kibaraza cha magharibi?

Msomaji wa Rau

Habari za leo, ndugu zangu. Ninaishi Rau, Moshi, katika nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu. Tangu binti yetu mkubwa aende chuoni, familia imekubali nitenge sehemu moja ya kusomea, jambo nililolitamani kwa miaka mingi, kwa sababu hadi sasa nasoma popote ninapopata upenyo: mezani baada ya kuondoa vyombo, kitandani huku taa ikimsumbua mwenzangu, au kwenye kochi wakati taarifa ya habari inanguruma. Vitabu ninavyo na muda kidogo ninao. Ninachokosa ni mahali ambapo nikikaa, kila mtu nyumbani anajua kwamba mama anasoma, na chupa ya chai, miwani na shuka la kujifunika miguu vinanisubiri palepale nilipoviacha jana.

Sehemu zipo mbili. Ya kwanza ni chini ya dirisha kubwa la sebule, upande wa kaskazini, ambalo mawingu yakifunguka linaonyesha Kibo chote. Ya pili ni kibaraza cha magharibi, chenye paa na ukuta mfupi, kinachopata jua la jioni na upepo mzuri. Mume wangu anapendelea kibaraza, nami nahisi anaitetea zaidi televisheni yake kuliko usomaji wangu. Moyo wangu uko dirishani, lakini nahofia baridi ya Juni hadi Agosti, na pia unyevu, kwa kuwa masika iliyopita vitabu vilivyokuwa kwenye kabati lililoegemezwa ukutani viliota ukungu kwenye majalada. Mngekuwa ninyi mngechagua wapi, na mngepatengenezaje bila gharama kubwa?

Mstaafu wa Njiro

Mama, salamu kutoka Arusha. Nilifundisha jiografia hadi kustaafu, kwa hiyo utaniwia radhi nikianza na jua kabla ya kufika kwenye kiti.

Moshi na Arusha ziko zaidi kidogo ya nyuzi 3 kusini mwa Ikweta. Kwa sababu hiyo jua la adhuhuri hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Baina ya nyakati hizo jua la mchana huwa upande wa kaskazini, na katika miezi iliyobaki huwa upande wa kusini. Mwishoni mwa Juni huinamia kaskazini kwa nyuzi 27 hivi kutoka utosini, na mwishoni mwa Desemba huinamia kusini kwa nyuzi 20 hivi. Kwa hiyo dirisha lako hupata jua katika miezi ileile unayoihofia kwa baridi, na ifikapo Januari na Februari, Moshi inapochemka, linakuwa kivulini. Ungelipa fundi akuchagulie upande, asingekuchagulia bora kuliko huo.

Upenu wa paa ukitokeza nusu mita au zaidi, jua la saa sita halitaingia ndani sana. Litakaloingia ni la asubuhi na la alasiri, likija kwa mshazari. Nanyi mnaoishi chini ya mlima mnajua kwamba Juni na Julai mawingu hulala juu ya mji asubuhi nyingi, basi tegemea zaidi la alasiri. Kuhusu kibaraza, jua la saa kumi hadi machweo huwa chini kiasi cha kupita chini ya paa na kuupiga ukurasa moja kwa moja. Karatasi nyeupe iliyopigwa na jua huumiza macho, na majalada yanayoachwa hapo hupauka. Kibaraza ni mahali pa mazungumzo. Mwache mzee akae huko na wageni wake.

Neno moja la mwisho kuhusu kukaa: usikae ukilikabili dirisha, wala usilipe mgongo kabisa hadi kivuli chako kikaangukia kitabu. Kaa ubavu, mwanga upitie begani. Mlima utauona kwa kugeuza shingo, na ni vizuri uugeuzie mara kwa mara, kwa kuwa macho yanayosoma kwa karibu hupumzika yanapotazama mbali, na kilele hicho cha mita 5,895 kiko mbali vya kutosha. Sisi huku tunajiliwaza na Meru.

Seremala wa Kiboriloni

Shikamoo mzee wa Njiro. Kuhusu mwanga umemaliza, mimi nitazungumzia mbao.

Mama, chini ya dirisha usiweke kiti cha kununua. Tengenezesha benchi linaloenea ukuta ule. Urefu wa kukalia, pamoja na sponji, usizidi sana sentimita 45 kutoka sakafuni, yaani mbao ziishie kwenye 35 na sponji iwe ya inchi nne. Upana uwe sentimita 60 ili uweze kupandisha miguu, na urefu usipungue mita moja na nusu, maana msomaji huanza amekaa wima na kumaliza amejinyoosha. Upande mmoja mwambie fundi aweke egemeo lililolala kidogo kwa nyuma. Egemeo lililosimama wima hukuondoa hapo kabla sura ya kwanza haijaisha. Sponji nayo uiangalie kabla ya kulipa. Ibonyeze kwa ngumi, na kama kidole chako kinaigusa meza iliyo chini yake, hiyo ni ya mito ya mapambo, baada ya miezi michache utakuwa umekalia ubao.

Mbao za paini au sipresi zinatosha kabisa, na huku kwetu hupatikana kwa urahisi kwa kuwa mashamba ya miti ya West Kilimanjaro yako jirani. Mninga ni mzuri, ila kwa benchi la kufunikwa kitambaa ni kutupa fedha. Jambo kubwa ni ziwe zimekauka na zimepakwa dawa ya mchwa, hasa sehemu zinazogusa sakafu na ukuta.

Ukungu ulioutaja ulitokana na kabati kugusa ukuta. Ukuta wa nje hupoa usiku, unyevu wa hewa unatua hapo, na hewa ikikosa njia ya kupita, vitabu vinaupokea. Acha nafasi ya vidole viwili hadi vitatu nyuma ya rafu, usishindilie vitabu hadi vibanane, na kama benchi litakuwa na sanduku kwa chini, litobolewe matundu mbele na ubavuni. Mimi humo ningeweka mablanketi tu. Vitabu viwe kwenye rafu ya wazi yenye kina cha sentimita 25, na ubao wa unene wa sentimita mbili usiachwe bila nguzo kwa zaidi ya sentimita 80, kwa sababu vitabu ni vizito na ubao utapinda.

Mpangaji wa Sakina

Nimesoma majibu haya kwa raha na kwa wivu kidogo, kwa kuwa mimi nimepanga chumba kimoja na sebule, na dirisha langu linatazama ukuta wa jirani. Hata hivyo kona ninayo. Ni kiti cha mitumba chenye mikono mipana, kimewekwa kati ya kabati la nguo na ukuta, na mbele yake nimening'iniza pazia la kitenge ambalo nikilivuta, mdogo wangu hanisemeshi mpaka nilifungue. Simu naiacha ikichaji upande wa pili wa pazia. Dada, kwa mtazamo wangu hiyo simu ina uzito kuliko upande wa jua, ingawa simbishii mwalimu.

Raha yenyewe naona inatokana na kurudia mahali pamoja. Mwanzoni nilidhani kiti kile kinanipendeza kwa sababu ni laini, lakini sivyo, kwani kina spring'i moja inayochoma na nimejifunza kukaa kwa kuikwepa. Ni kwamba nikishakaa, kikombe cha chai ya tangawizi kiko mkono wa kulia, shuka la Kimaasai liko magotini, mvua inapiga bati, na mawazo ya kazini yanaisha bila mimi kuyafukuza. Kwenye kochi la wageni kitabu hichohicho hunichukua muda mrefu kukiingia. Siku za Jumamosi asubuhi huenda Maktaba ya Mkoa, na hata huko, nikikuta mtu ameketi kwenye meza yangu ya pembeni, nasoma vibaya.

Kuhusu usiku, chagua balbu ya mwanga wa njano. Kwenye boksi huandikwa kelvini 2,700 au 3,000. Ile nyeupe ya 6,500 inafaa dukani, lakini jioni inachosha. Taa ya kubana rafuni, nyuma kidogo ya bega, ni bora kuliko ya darini, na uwe na taa ndogo ya sola kwa ajili ya siku ambazo umeme unakatika katikati ya sura. Wavu wa dirisha uwe mzima. Mvua za kwanza zikinyesha na kumbikumbi wakaiona taa yako, hutasoma kitu usiku huo, utakuwa unaokota mabawa ndani ya kitabu.

Msomaji wa Rau

Nawashukuru sana. Mwalimu, nimemsomea mume wangu maelezo yako kuhusu jua, naye amekubali kibaraza kiwe chake, kwa sharti kwamba sauti ya televisheni isilalamikiwe kabla ya saa tatu usiku. Dada wa Sakina, pazia la kitenge nitaliiga, litanisaidia saa hizo. Fundi, nina maswali mawili tu: kitambaa cha kufunika sponji kishonwe moja kwa moja au kiwe cha kuvua, na je, dirisha langu la kusukuma la aluminiamu halitaleta baridi mgongoni?

Seremala wa Kiboriloni

Kiwe cha kuvua, chenye zipu nyuma. Chai itamwagika tu. Kitenge kizito au kitambaa cha makochi vyote vinafaa, lakini kifuliwe kwanza kabla ya kukatwa, kisije kikasinyaa juu ya sponji. Kuhusu dirisha, upepo huingilia kwenye reli ya chini na pale vioo viwili vinapokutana. Nunua brashi mpya ya reli kwa mafundi wa aluminiamu, inauzwa kwa mita, na egemeo liwekwe upande wa kioo kisichofunguka. Pima dirisha likiwa wazi kabla hujaenda kwa fundi, maana benchi likipanda hadi kwenye komeo utashindwa kulifunga.