Yule wa duka kubwa la mashine za masikio amempigia mamangu MAKOFI kisogoni!!

MwanaMuyeye (mwenye uzi)

Mwamjua. Sitaji jina, nyote mwamjua. Yule wa vioo virefu na kiyoyozi cha kugandisha samaki, aliyefungua tawi hapa Malindi akatundika bango kubwa kuliko nguzo ya Vasco da Gama. Nimetoka huko sasa hivi, mikono yanitetemeka, hata chai haipiti.

Nimempeleka mamangu, ana miaka 71. Mashine yake ya kumsaidia kusikia ilikuwa yalia fiiii sikioni, na dada anayemshughulikia siku zote, yule wa chumba kimoja nyuma ya soko, amesafiri kwa msiba. Nikasema haya, twende kwa wakubwa. Tumekaa saa mbili, nusura tuote mizizi. Kuitwa, kijana hata shikamoo hana. Hakumulika sikio kwa kurunzi aone kama lina nta. Hakumvisha vile vya kusikilizia ampime sauti moja moja. Alizunguka nyuma yake akapiga makofi. PAA! PAA! Kisogoni! Kama afukuza kuku kwenye mpunga ulioanikwa! Halafu ananigeukia mimi, si yeye mwenye masikio, "Huyu mnunulie mpya, hiyo ni ya fundi wa mtaani."

Mama akageuka taratibu akamwambia, "Makofi nimeyasikia, mwanangu. Maneno yako ndiyo siyasikii."

Na hiyo ndiyo shida yake yote! Sikio la uzee hupoteza kwanza zile sauti nyembamba, s, f, sh. Ngoma asikia, honi ya tuktuk asikia, makofi ya mjinga asikia. Ukimwambia "saa sita" apata "aa ita". Sasa makofi yapima nini?

Yule dada mara ya kwanza alikaa naye zaidi ya saa nzima. Akamchorea chati yake ya kusikia, akamfinyangia kipande cha sikioni kwa kipimo cha sikio lake mwenyewe. Wiki iliyofuata akaja nyumbani kuirekebisha mama akiwa jikoni, feni yazunguka, wajukuu wapiga kelele, kwa sababu huko ndiko mama anakoishi. Hakutoza hata nauli. Huyu wa vioo bei aliyonitajia nanunua mashua na injini yake. Nikamuuliza, nikinunua kwako, dada wa sokoni ataweza kuirekebisha? Ati hapana, imefungwa kwa programu yao, wao tu ndio wafunguao. Kwa hiyo kila ikilia nirudi kwa makofi? Mamangu! Kisogoni!

MkunjaMkeka

Uzi wote huu kwa makofi mawili. Mimi nikipigiwa makofi huinama nikashukuru.

MwanaMuyeye

Wewe umezaliwa na nazi? Huna mama?

Kasuku_wa_Gede

Kosa lako mwenyewe, mkuu. Uliona bango ukadhani ni daktari. Ungemngoja dada wako siku tatu.

MwanaMuyeye

Siku tatu mtu mzima akae na filimbi kichwani? Na hata kama nimekosea njia, ndio apigiwe makofi kama kuku?

BintiWaKilifi

Poleni. Nafanya kazi hii ya kupima masikio, si Malindi. Huo mluzi mara nyingi ni kile kipande hakikai sawasawa, sauti yavuja na kurudi kwenye maikrofoni, ama ni nta imeziba. Hutazamwa kwanza, ndipo mtu azungumze habari ya mpya. Sisi wenye chumba kimoja twashindwa na mabango, lakini mgonjwa wetu twamjua jina na mlango wake. Kabla ya kulipa popote ulizeni mambo mawili: imefungwa au mtu mwingine aweza kuirekebisha? Na bei hiyo ni pamoja na kurudi kurekebishiwa? Usiku mtoe betri, mashine iwekwe kwenye kopo lenye zile chembe za kunyonya unyevu. Hewa yetu ya bahari haina huruma.

MwalimuMstaafu

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2021 ilisema watu zaidi ya milioni 430 wahitaji huduma kwa sababu ya kupoteza usikivu, na karibu asilimia 80 yao wako nchi kama zetu. Halafu anayewahudumia apiga makofi.

MwanaMuyeye

Asante mwalimu! Kisogoni!

PundaWaMkomani

Nyinyi wa Malindi mwadeka. Angalau mna wa kuwapigia makofi. Huku Lamu babu yangu kupimwa ni mashua hadi Mokowe, basi hadi Mombasa, kulala kwa jamaa, na kufika waambiwa mashine ya kupimia ni mbovu, rudini mwezi ujao. Mzee wa miaka 80! Betri zenyewe twaagiza kwa dereva wa basi. Juzi kaleta za kibandiko cha buluu badala ya kahawia, hata haziingii.

Kasuku_wa_Gede

Dereva wa basi si duka la dawa, shekhe.

PundaWaMkomani

Basi niletee wewe.

MamaMahamri

Mwalaumu masikio na hamlaumu spika za harusi. Jumamosi hapa Barani wamepiga hadi saa tisa usiku, vikombe vyatembea mezani. Nyote mtakuwa wateja wa huyo wa makofi.

MkunjaMkeka

Harusi ya nani hiyo? Pilau ilikuwako?

MamaMahamri

Ilikuwako, wakaibania. Majirani tumepewa sahani moja nyumba nne, na kelele zote tumekula sisi.

MwanaMuyeye

Jamani makofi. Twazungumzia makofi. Mama amekaa kitandani, mashine ameivua, asema hataki kwenda popote tena.

Kasuku_wa_Gede

Sahani moja nyumba nne? Hiyo ni laana. Mimi nilialikwa Watamu nikapewa mfupa.

TuktukYaMaweni

Na nyie abiria wa harusi ndio mwatukimbia bila kulipa. Jumamosi hiyo hiyo watatu wamenishukia gizani. Kama mko humu, nawajua.

MamaMahamri

Mmoja alivaa kanzu ya kijani?

TuktukYaMaweni

Huyo huyo!