Mahabharata ina shloka 100,000 kweli, au tunakariri tu?

Mleta mada: Kila anayeandika kuhusu Mahabharata, ule utenzi mkubwa wa Kihindi wa lugha ya Kisanskriti, anatuambia ina shloka, yaani beti, 100,000. Chapa ya wataalamu wa Pune, India, iliyokamilika 1966 baada ya kulinganisha miswada zaidi ya 1,000, ina takribani 74,000 katika parva (vitabu) zote 18. Naomba tuiache ile laki.

Jibu: Tusiiache, mkuu. Bamba la shaba lenye maandishi kutoka Khoh, India, la karne ya 6, tayari linaiita mkusanyo wa laki moja. Tena hesabu ya jadi huingiza Harivamsha, kitabu cha nyongeza yake. Na Pune imeziweka pembeni beti nyingi zilizosomwa na kuaminiwa karne kwa karne, ikiwemo habari ya mungu Ganesha kumwandikia Vyasa, anayetajwa kuwa mtunzi wake.

Mleta mada: Na orodha iliyomo ndani ya kitabu chenyewe, Parvasangraha? Inaipa Adi Parva, kitabu cha kwanza, sura 218 na shloka 7,984. Pune ina sura 225 na shloka pungufu ya hizo. Sura zimezidi, beti zimepungua! Wanakili waligawa sura kila mmoja alivyoona.

Mchangiaji mwingine: Ndugu zangu, mnagombea idadi kabla ya kukubaliana kinachohesabiwa. Shloka ina mizani 32, vipande vinne vya mizani nane nane, kama ubeti wa utenzi wetu. Haina vina; inachoshika ni mizani fupi na ndefu. Nusu ya shloka ya kwanza ya Gita (Bhagavad Gita, iliyomo ndani ya parva ya sita) hii hapa, vipande viwili:

dhar-ma-kshe-tre ku-ru-kshe-tre
sa-ma-ve-ta yu-yu-tsa-vah

Kipande cha pili, mizani ya 5 ni fupi, ya 6 ndefu, ya 7 fupi. Ile *yu* ya pili ni ndefu kwa kuwa inafuatwa na konsonanti mbili, *ts*.

Sasa mhariri akitoa nusu shloka ya nyongeza, nusu iliyobaki haina mwenzake. Huunganishwa na ubeti wa jirani, unakuwa wa vipande sita, na bado unahesabiwa mmoja. Namba zote za mbele yake katika sura hiyo zinasogea. Trishtubh nayo, aina nyingine ya ubeti yenye mizani 44, inahesabiwa moja vilevile.

Kwa hiyo rejea iwe parva, sura, shloka, kisha jina la chapa. Ukiandika 6.25 (parva ya 6, sura ya 25) peke yake, msomaji wa Pune anaangukia sura ya tatu ya Gita. Mwenye chapa ya Nilakantha, mfafanuzi wa zamani wa Mahabharata, anafungua ya kwanza.

Jibu: Kwenye rejea nimekuelewa, chapa nitaitaja. Kwenye laki bado sijashawishika: walioandika lile bamba waliijua Mahabharata yao.