Mama wa nyumbani alipwe mshahara, au kwanza apunguziwe kazi?

Mkunga Mstaafu
Wadau, hoja inayozunguka ni kwamba mume amlipe mkewe kwa kazi za nyumbani. Naipinga, kwa sababu haigusi kinachomuumiza. Dumu la maji la lita 20 ni kilo 20. Nyumba ya watu sita ikitumia lita 20 kila mtu, ni madumu sita kwa siku, na mara nyingi yote yanapita kichwani kwa mama. Shingo na kiuno huanza kuuma. Kwa aliyejifungua karibuni ni hatari zaidi: misuli inayoshikilia kizazi bado imelegea, na mzigo mzito unaweza kukishusha. Dalili ni uzito ukeni unaozidi jioni, mkojo kuvuja akikohoa, au kinyama kuchungulia. Wengi wanaficha kwa aibu. Mpe laki moja kila mwezi, madumu yakibaki kwake umesaidia nini?

Wakili
Mkunga, shikamoo, lakini hapo naomba tutofautiane. Mwenye hela mkononi ndiye anayemwita mtu wa mkokoteni alete maji. Asiye nayo anabeba. Na sheria imeshakubali kwamba kazi hii ina thamani: Mahakama ya Rufani ya Tanzania, mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, ilisema kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Kenya iliandika hivyo katika sheria ya mali ya wanandoa ya 2013. Kasoro ni kwamba haki hiyo hudaiwa ndoa ikishavunjika, tena mchango lazima uthibitishwe. Miaka yote kabla ya hapo mama hana kitu. Ndiyo maana nataka alipwe akiwa bado ndani ya ndoa.

Fundi Majiko
Wote mmeliruka jiko. Maharage yasiyolowekwa yanamweka mama kwenye moshi kwa saa nyingi, mtoto mgongoni naye anauvuta. Yaloweke usiku kucha, kwa muda wa saa 8 hadi 12, mwaga maji hayo. Chemsha kwa moto mkali angalau dakika 10, hasa mekundu, maana yana sumu ya asili isiyoondoka kwa moto mdogo. Endelea hadi itimie nusu saa, kisha funika na ingiza sufuria kwenye kapu lililoshindiliwa nguo nzito, yamalizie kuiva kwa joto lake kwa muda wa saa tatu au nne. Wanaoshindwa ni wale wanaofunua kuchungulia, au wanaoweka sufuria nusu tupu, joto linakimbia. Kabla ya kula, yarudishe motoni yachemke tena. Na jiko la mkaa lisilazwe ndani: hewa yake ya sumu haina harufu, inaua watu usingizini.

Mkunga Mstaafu
Hilo la kapu naliunga mkono. Sasa msongo. Pwani mzazi alikuwa anatunzwa siku arobaini: anapikiwa, anakandwa, hagusi ndoo. Kwenye vyumba vya kupanga mjini, mbali na mama na shangazi, utamkuta anafua akiwa na siku chache tu tangu ajifungue. Akikosa usingizi, akakosa mtu wa kumpokea mtoto, huzuni inaingia na nyumbani wanamwita mvivu. Maswali kumi ya Edinburgh, kipimo cha huzuni baada ya kujifungua, yanayohusu siku 7 zilizopita, hutoa alama 0 hadi 30. Kuanzia 10 au 13, kutegemea kituo, mama achunguzwe zaidi. Swali la mwisho ni la kujidhuru. Akikubali hata kidogo, asiachwe peke yake, ahudumiwe siku hiyohiyo, jumla iwe yoyote. Hapo anahitaji mikono ya mtu mwingine nyumbani. Mshahara haumshiki mtoto usiku.

Wakili
Mikono ya nani, Mkunga? Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, baba angalau siku 3. Kenya baba ana wiki mbili. Kwa siku 3 mwanamume hajajifunza hata kumwogesha mtoto. Nakubali siku hizo zipiganiwe ziongezwe, ila mama asiyeajiriwa, ambaye mumewe anauza mitumba na hana likizo yoyote, utamsaidiaje bila fedha?