Tupeane uzoefu: Ulitubu kwa Mungu, je, uliyemkosea ulimwendea?

Wa Kibirizi (mwanzisha uzi)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na wengine wote habari za jioni.

Shuhuda za madhabahuni tumezizoea: nilikuwa mlevi, nilikuwa mwizi, Yesu akaniokoa, haleluya. Sawa kabisa. Ila sisikii sana shuhuda za siku ya pili yake, pale unapokumbuka kuna mtu mwenye jina na namba ya simu, na jana uliimba umefutiwa madeni yote wakati lake liko palepale. Naanza mimi.

Nauza dagaa Kibirizi, hapa Kigoma. Mwaka 2016 nilikuwa na mteja wa Tabora, mama mmoja mjane, anauza sokoni. Hatukuwahi kuonana. Anatuma hela kwa simu, mimi nanunua kwa wavuvi asubuhi vipe (mitumbwi ya dagaa) vikiingia, naanika, nafunga magunia, napakia kwenye treni. Miezi saba tulienda vizuri. Februari ya 2016 akatuma 840,000. Wiki hiyo nilikuwa na madeni yangu ya kijinga, sitayaeleza. Nikampigia: "Mama, mvua imetunyeshea mzigo ukiwa kwenye mchanga, wote umeoza." Anayejua dagaa anajua jambo hilo hutokea kweli masika, ndiyo maana uongo ule ulikaa vizuri. Akanyamaza kidogo, akasema, "Pole mwanangu." Nikafunga namba yake asinipate tena.

Nikaokoka 2019, nikabatizwa ziwani, maji ya Tanganyika mpaka kifuani. Na niliokoka kweli, sitaki mtu anitilie shaka hapo. Nikaanza kushuhudia kila Jumapili kwamba Bwana amenisamehe yote. Lakini kila mvua ikipiga bati usiku, naisikia "pole mwanangu". Miaka miwili hivyo. Nikaomba, nikafunga, nikamwambia Mungu mara ya mia anisamehe kosa lile. Siku moja nikiwa nimepiga magoti ikanijia kwamba namsumbua bure. Yeye alishasamehe tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nikiomba kwa Mungu ili nisiende Tabora.

Basi nikapanda treni, daraja la tatu, na 600,000 kwenye soksi, ndiyo niliyokuwa nayo. Tulipofika Nguruka, kina mama wakaja madirishani na mabeseni ya samaki, nikashika begi langu kabisa nikataka kushuka nirudi. Mzee niliyekaa naye akadhani nimepitiliza kituo. Akanivuta shati: "Kaa, bado mbali." Nikakaa.

Sokoni nilimpata kwa kuulizauliza. Alikuwa anapepeta dagaa kwenye ungo, wa kutoka Mwanza, si wa kwetu (nikaumia kidogo, biashara ni biashara).

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu."

"Mimi ni yule kijana wa dagaa. Wa Kigoma."

Hakuacha kupepeta. "Wa mvua?"

Nikasema, "Haikunyesha, mama."

"Najua. Mdogo wangu alikuwa huko Kigoma wiki ile, akaniambia jua linachoma."

Nikamuuliza kwa nini hakunitafuta kwa namba nyingine anitukane. Akasema, "Ili uninyeshee nyingine?"

Nikapiga magoti palepale, wateja wakitazama. Nikatoa hela. Akaweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kanga, akahesabu noti moja moja, mara mbili. Akasema, "Bado laki mbili na arobaini." Kisha akamtuma mtoto alete chai na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), akanivutia kigoda. Nilimwambia nilikuja kuomba msamaha. Akasema kusamehe alisamehe kitambo, mwaka uleule, maana alikuwa anashindwa kusali Baba Yetu mpaka mwisho. "Lakini hesabu ni hesabu."

Nimemaliza upande wangu. Tupeane uzoefu: uliyekosea ukaenda, uliyekosewa ukajiwa, uliyeshindwa. Wa dini zote karibuni.

Mgebuka Mkavu

Mkuu nimecheka "wa mvua?" halafu nikanyamaza ghafla. Nina wa kwangu yuko Katubuka. Nasoma kwanza.

Mwalimu wa Jioni

Ushuhuda mzuri, ila naomba tuwe waangalifu. Waefeso 2:8-9 inasema tumeokolewa kwa neema, ni kipawa cha Mungu, "wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu." Sasa wachanga wa imani wakisoma hapa watadhani bila nauli ya Tabora mtu haokoki. Ungekufa 2020 kabla hujalipa, ungekwenda wapi?

Wa Kibirizi (mwanzisha uzi)

Mwalimu, ningekwenda kwa Yesu, nikiwa na deni la dagaa. Ndivyo ninavyoamini. Mtazame Zakayo, Luka 19. Tunakumbuka sana "namrudishia mara nne", tunasahau kwamba Yesu alishamwita kwa jina akiwa bado juu ya mkuyu, akajikaribisha mwenyewe nyumbani kwake, kabla Zakayo hajaahidi hata senti. Hela ilitoka baadaye. Mimi sikulipa ili nisamehewe. Nililipa kwa sababu nilikuwa nimesamehewa na bado naficha namba ya mtu.

Binti wa Kasulu

Mwakeye wote.

Bibi yangu alikuwa mtu wa uamsho, ule ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukafika mpaka kwetu Buha. Kwao neno lilikuwa moja: kutengeneza. Ukiguswa na Roho usiku, asubuhi unakwenda kutengeneza. Yeye alirudisha jembe la jirani alilokaa nalo misimu mitatu akikana. Alitusimulia mara nyingi, na kila mara alikuwa anaonyesha alivyolibeba: begani, mchana, njia kuu, watu waone. Alisema angelipeleka usiku lingekuwa jembe tu.

Lakini yangu ni ya upande wa pili. Baba yangu aliondoka 1998 kwenda kutafuta dhahabu, akatuacha wanne, mimi mkubwa nina miaka tisa. Hakutuma kitu wala neno. Mama alilima maharage ya watu mpaka kucha zikaisha. Mwaka 2021 mzee akarudi, anakohoa, na redio moja ndogo kwenye mfuko wa rambo. Kila mtu kanisani akanihubiria mwana mpotevu. Nikawauliza, mbona Biblia haina baba mpotevu? Yule wa Luka 15 alikimbia kumpokea mwanawe, alikuwa mzazi. Mtoto anakimbiaje kumwendea aliyemkimbia?

Mama alimpa chumba cha uani. Akamwambia mbele yetu: "Nimekusamehe, sijakurudia." Akawa anampelekea chakula, basi.

Mimi nilimfulia nguo, nikampeleka zahanati, ila neno "baba" lilikuwa halitoki. Nilikuwa namwita "mzee" kama ninavyomwita fundi baiskeli. Alijua. Hakuwahi kulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lilikuwa linanikera zaidi, ningependa alalamike tugombane. Jioni moja alikuwa anakula, maharage hayakukolea chumvi, mkono wake umeanza kutetemeka, anajaribu kufungua kile kimfuko cha chumvi kwa meno. Nikamnyang'anya nikafungua: "Baba, lete." Limetoka lenyewe. Akaacha kutafuna. Mimi nikajifanya naangalia moto.

Alifariki mwaka jana. Hasira sijaimaliza, nisidanganye. Kuna siku nikiona mtoto ameshikwa mkono na babake njiani kwenda shule inarudi yote. Naomba tena siku hiyo, naanza upya. Mwanzoni nilidhani ina maana sikusamehe.

Mzee wa Ujiji

Assalaam alaykum. Mmekaribisha wa dini zote, nami jirani yenu nimeingia. Sisi tunafundishwa toba ina masharti: uache dhambi, ujute, uazimie kutorudi. Na kama dhambi inahusu haki ya mja, lipo na la nne: umrudishie haki yake au umtake radhi. Wanazuoni wetu wanasisitiza sana hilo la nne, kwa kuwa mja naye ana daftari lake. Huyo mama wa sokoni kanikumbusha marehemu mama yangu. Kijana, ile laki mbili na arobaini umelipa?

Wa Kibirizi (mwanzisha uzi)

Waalaykum salaam mzee wangu, shikamoo. Nitaijibu mwishoni, nivumilie.

Bani la Urambo

Mimi mkulima wa tumbaku. Wasio wakulima niwaeleze kwa ufupi: mbolea mnakopa pamoja kupitia chama chenu cha msingi, mnadhaminiana. Mmoja akitorosha tumbaku yake akauza pembeni, deni lake linakatwa kwenye malipo yenu mliobaki. Jirani yangu, tunaazimana mpaka kiberiti, alifanya hivyo. Nimekesha bani, banda la kukaushia tumbaku, siku saba nachochea moto, macho mekundu kama nyanya, siku ya malipo nakuta yangu imepungua kwa ajili yake. Na yeye kanunua pikipiki. Inapita mlangoni kwangu kila asubuhi.

Niliapa. Mke wangu ni Mmoraviani wa kuzaliwa, mpole, akanisomea Mathayo 18, yule mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi akamkaba mwenzake kwa dinari mia. Nikamwambia hayo mambo ya talanta siyaelewi. Basi akaniuliza, kibarua wa siku unamlipaje? Tukakaa na daftari la shamba. Dinari moja ni ujira wa kibarua kwa siku. Dinari mia ni siku mia, yaani miezi mitatu na kitu, hela ya kuuma kabisa, si kidogo kama wahubiri wanavyosema. Talanta moja ni kama dinari elfu sita. Mara elfu kumi, vibarua milioni sitini wa siku moja. Simu ya mke wangu ilikuwa inaonyesha sifuri nyingi nikamwambia arudie. Urambo nzima tungeng'oa maotea mpaka kiama.

Nilichokipata pale ni kwamba Yesu hakusema dinari mia si kitu. Jirani yangu ananidai... samahani, namdai kweli. Ila mimi mwenyewe nimesimama kwenye ile ya milioni sitini.

Sijapewa pesa yangu hadi leo. Kwenye kikao cha chama nilisimama nikataka abanwe kwa utaratibu, na akabanwa. Asubuhi yake pikipiki ilipopita nilimpungia mkono. Alikaribia kuanguka.

Naomba Nisitaje

Niandike haraka. Mimi nilipigwa na mume miaka sita. Alikuwa analia, anatubu, wazee wa kanisa wanakuja, wananisomea saba mara sabini, narudi, napigwa. Mara ya mwisho alinivunja mkono. Nikaondoka na watoto, wakasema nina roho ngumu. Binti wa Kasulu, mama yako ubarikiwe kwa lile neno la chumba cha uani. Nilikuwa nalitafuta miaka yote, sikujua kuna mtu alishalisema.

Binti wa Kasulu

Dada, pole sana. Nitamwambia mama leo leo. Na ukae hukohuko uliko.

Boda Ng'ambo

Nasoma tangu mchana. Mimi sina mwisho mzuri.

Niko Tabora mjini. Mwaka 2018 nilimgonga mtoto, nimekunywa. Mguu ulikatwa chini ya goti. Nilifungwa, nikatoka, nikaokoka hukohuko ndani. Nilikwenda kwao na mchungaji na wazee wawili. Baba wa mtoto alitusikiliza wote, akasema, "Nimewasikia," akaingia ndani akafunga mlango. Kila muhula napeleka hela ya daftari na sare, anapokea kupitia kwa bibi yake, ila nikimsalimia njiani haitikii. Mtoto mwenyewe anaitikia. Yuko darasa la sita sasa, anatembelea gongo, anapiga mluzi vizuri sana.

Mwanzoni nilikuwa nakwenda ili anisamehe nipumzike. Mchungaji wangu akaniambia, huyo mtu hana deni la kukupumzisha, na pumziko lako lilishalipwa msalabani, sasa wewe peleka daftari. Nalia nikiandika, lakini ni kweli. Januari nitakwenda tena.

Mgebuka Mkavu

Boda, sina neno. Nimekuombea hapa nilipo.

Wa Kibirizi (mwanzisha uzi)

Nami nimekuombea, ndugu yangu. Wengi mmeniuliza inbox kama Mzee wa Ujiji alivyouliza hapa, nijibu.

Ile 240,000 ilinichukua miezi mitano. Nilirudi kwa treni ya usiku nikiwa na kifurushi cha michembe alichonifungia yule mama, nikaanza kuweka kidogokidogo kwenye kopo. Mbalamwezi ikiwa kali vipe haviendi ziwani, hakuna dagaa, kwa hiyo kila mwezi kuna siku kadhaa nilikuwa nachomoa kwenye kopo badala ya kuweka. Nilipofikisha nikaifungua namba yake, ilikuwa bado imefungwa tangu 2016, nikatuma yote pamoja na ya kutolea.

Akanijibu baada ya saa nzima. Nimeutunza ujumbe wenyewe: "Imefika, 240. Dagaa bei gani sasa? Upime mwenyewe usimtume kijana."