Tupeane uzoefu: ni swali gani lililokufungua mdomo?

Ndugu zangu wa Bombo, Arua, Busia, Kisenyi, Nakivale na popote mlipo, hamjambo. Hapa tunasimuliana habari za sonona, ugonjwa wa akili unaomnyima mtu raha na nguvu, na swali la tabibu au la mtu mwingine lililotufanya tuseme ukweli. Naanza na yangu.

Mimi ni msukaji wa vikapu hapa Bombo. Mwaka juzi nilianza kuamka saa tisa za usiku, kifua kizito, tumbo linawaka. Zahanati ya kwanza walinipima malaria, ya pili taifodi, ya tatu wakaniambia ni vidonda vya tumbo. Nikameza dawa zote walizonipa. Hakuna aliyenidanganya, maana kila mmoja nilimwambia tumbo, naye akatibu tumbo.

Ndugu akanipeleka kituo cha afya cha daraja la nne. Tabibu wa magonjwa ya akili, kijana wa kike, akanisikiliza habari za tumbo mpaka mwisho. Kisha akaweka kalamu chini akauliza: "Mama, ni kitu gani ulikuwa unakipenda ambacho sasa hakikupi raha?"

Nilikumbuka kikapu changu. Nilikiacha nusu tangu mwezi wa Ramadhani, kimetundikwa dirishani, na jua lilikuwa limefifisha rangi ya zambarau upande mmoja tu. Kila asubuhi nilikipita bila kukigusa. Nililia pale mpaka watu wa foleni wakachungulia.

Baadaye akanisomea maswali tisa, yale wanayoita PHQ-9. Yanauliza wiki mbili zilizopita: raha, huzuni, usingizi, nguvu, chakula, kujilaumu, kushindwa kutuliza akili, kuwa mzito au kutotulia mpaka watu wanaona, na la mwisho mawazo ya kufa au kujiumiza. Kila swali ni 0 hadi 3, kwa hiyo mwisho ni 27. Kuanzia 10 hawakuachi uende hivi hivi. Mimi nilipata 17. Lakini alinieleza kwamba karatasi peke yake haimpi mtu ugonjwa. Akataka kujua nimefiwa na nani, nyumbani hali ikoje, kama nakunywa pombe, dawa gani natumia. Akapima damu pia, kwa sababu upungufu wa damu na tezi ya shingo vinaweza kumchosha mtu vilevile. Ndipo akasema ni sonona.

Sasa nyinyi. Kama uliwahi kuulizwa swali likakufungua, liandike hapa.

Bodaboda wa Busia: Mama, mimi huzuni sikuwa nayo, nilikuwa na hasira. Nilikuwa nagombana na abiria kwa shilingi mia mbili. Mke akarudi kwao. Swali langu lilikuwa rahisi: "Unalala saa ngapi, unaamka saa ngapi?" Nilipohesabu nikaona ni miezi minne sijapita saa tatu za usingizi. Sikujua kama sonona kwa mwanaume inaweza kuja na sura ya ugomvi.

Mwalimu, Arua: Langu hawakuniuliza mimi, walimuuliza dada yangu. Kliniki moja ya mtaani walinikuta niko chini kabisa, wakanipa fluoksetini, dawa ya sonona. Hawakuuliza kama niliwahi kuwa juu. Wiki ya tatu nilikuwa nalala kwa saa mbili tu na sichoki. Nikaagiza mabati ya nyumba ambayo sina kiwanja chake. Nikawaambia wazazi wa wanafunzi nafungua shule tatu. Nilijiona nimepona! Dada ndiye aliyenipeleka Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili kule Kampala, na pale daktari akamgeukia yeye: "Amewahi kuwa hivi zamani, siku nyingi mfululizo, bila kulala na bila kuchoka?" Dada akasema ndiyo, mwaka aliomaliza chuo. Mimi ningesema hapana, kwa sababu zile siku nilizihesabu kuwa ndizo siku zangu nzuri. Kumbe ni ugonjwa wa hisia wa pande mbili, na dawa ya kuinua moyo ikitolewa peke yake inaweza kukurusha juu zaidi. Sasa niko kwenye lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zisipande wala kushuka mno. Napimwa damu kila mara, maana kiwango kikizidi ni sumu, na figo na tezi lazima ziangaliwe. Nawaombeni, mkienda kupimwa nendeni na mtu anayewajua miaka mingi.

Mama wa Nakivale: Mimi nilikuwa nimetoka kujifungua. Mtoto analia, namtazama kama mtoto wa jirani. Niliogopa kusema, watu watasema nimerogwa ama simpendi mtoto. Kwetu Kivu, Kongo, nilipoteza watu, hapa nikaona ni adhabu. Mama mmoja wa kundi la wamama la kusaidiana akaniuliza, "Haya yalianza wakati gani, na nani alikuwa karibu nawe wakati huo?" Nikasema hakukuwa na mtu. Tulikuwa wamama nane, tunakutana mara moja kwa wiki chini ya mwembe. Hatukupewa dawa. Tulitafuta kila mmoja chanzo chake ni kipi kati ya vinne: msiba, ugomvi, maisha kubadilika ghafla, au upweke. Changu kilikuwa msiba na upweke pamoja. Wiki ya tano ndiyo nililitaja jina la mama yangu mbele ya watu.

Mwenye uzi (mama wa Bombo): Pole sana dada. Hiyo njia ina historia hapa kwetu. Ilijaribiwa vijijini Masaka na Rakai, makundi ya wiki 16 yakiongozwa na watu wa kawaida waliofundishwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003: walioingia kwenye makundi walipata nafuu kubwa kuliko wasioingia. Nina fahari kwamba dunia ilijifunza jambo hili kwa wanakijiji wa Uganda.

VHT, Kyaka: Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji, naenda nyumba kwa nyumba. Nikiuliza "una sonona?" mtu ananitazama tu. Nikiuliza "mawazo yanakukalia usiku?" anavuta kiti. Kwa Waganda nasikia wanasema okwekyawa, mtu kujichukia mwenyewe. Neno hilo linabeba zaidi kuliko letu.

Kijana wa Kisenyi: Lile swali la tisa, la mawazo ya kufa, liliniudhi. Niliona nesi ananipa wazo ambalo sikuwa nalo. Ukweli nilikuwa nalo.

Mwenye uzi: Mwanangu, asante kwa kulisema. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Kunampa nafasi ya kulitua. Na yeyote anayesoma hapa ambaye wazo hilo analo leo, asingoje kliniki ya wiki ijayo. Mwambie mtu aliye karibu sasa hivi, asikuache peke yako, muende hospitali leo leo.

Mwanachama mpya, Arua: Nimesoma yote mara mbili. Kila mlichoandika ninacho, isipokuwa zile siku za kuwa juu alizozisema mwalimu. Nimefika geti la kliniki ya akili mara mbili nikarudi. Naogopa kuonekana kwenye ile benchi.

Mwalimu, Arua: Nami nilikalia benchi hiyo hiyo. Tuandikiane pembeni. Jumatatu saa moja asubuhi, kabla foleni haijajaa, nitakuwa getini. Beba dawa zote unazotumia, hata za miti shamba, usimfiche daktari. Na kama una dada, mlete.

Mwanachama mpya, Arua: Nina kaka.

Mwalimu, Arua: Mlete kaka.