M12, Deutsch DT au glandi tu: ipi inazuia maji kweli?

waya_mbichi
Wakuu naombeni ushauri. Nina boksi la kuendeshea pampu limefungwa nje karibu na maji chumvi, ndani kuna bodi ya volti 24, sensa nne zinatoka nje, na kila jioni eneo lote linapigwa maji ya presha. Mwanzo nilitoboa matundu nikapitisha kebo nikaziba na silikoni, miezi mitatu tu pini zote zimeota kutu ya kijani. Sasa nachagua kati ya M12 (konekta ya duara ya kukaza kwa kuzungusha), Deutsch DT (konekta ya plastiki yenye raba za kuzuia maji), au niachane na konekta kabisa nipitishe kebo kwenye glandi, yaani kibanio cha kebo pale inapoingia kwenye boksi. Ipi itanivusha?

fundi_pini
Hiyo silikoni ilikuwa inanuka siki? Kama ndiyo basi mchawi wako umeshampata, ile inatoa asidi wakati inakauka na asidi inakula shaba. Ipo ya aina nyingine isiyo na asidi, ukilazimika kutumia silikoni tumia hiyo.

Kwa sensa mimi nachukua M12 bila kufikiri mara mbili. Ya pini 4 kwa kawaida inabeba mpaka ampea 4 na sensa yako haifiki hata robo ya hapo, halafu sensa ikifa unafungua unaweka nyingine bila kugusa boksi. Ila IP67 (alama ya kiwango cha kuzuia vumbi na maji) iliyoandikwa pale inahesabika ikiwa imeunganishwa NA imekazwa. Ukichomoa sensa ukaacha soketi wazi umefungulia maji mlango, weka kofia yake.

mzee_wa_mtambo
Jamani mwenzenu kasema maji ya presha, mbona mnampa IP67? IP67 ni kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30 kwenye maji yaliyotulia, basi. Namba ya mwisho ndiyo ya maji, na watu wanadhani ikiwa kubwa inabeba zote za chini yake, ni kweli mpaka 6 tu, kuanzia 7 huo ni mtihani mwingine, kwa hiyo hata IP68 inaweza kuzama vizuri halafu ikashindwa na mpira wa kuoshea. Tafuta iliyoandikwa IP69K, hiyo inapigwa maji ya nyuzi 80 kwa bar 80 mpaka 100 kutoka karibu kabisa. M12 za hivyo zipo, na ile pete ya kukazia chukua ya chuma cha pua 316, kwenye chumvi shaba iliyopakwa nikeli inachakaa mapema.

dada_relei
Natetea DT kidogo. Pini za saizi 16 zinabeba ampea 13, kwa hiyo hata waya wa mota ya pampu yenyewe, kama ni ndogo, unapita humo, na pini moja ikiharibika unabadilisha hiyo moja. Kosa la wengi ni kuweka waya mwembamba kuliko raba ya nyuma inavyotaka, raba haibani na maji yanapita pembeni yake taratibuuu. Na tundu lisilo na waya liwekwe kizibo, usiliache hivyo hivyo.

kebo_na_chumvi
Mnabishana konekta wakati maji mara nyingi hayapiti kwenye konekta. Nilishahangaika wiki mbili na boksi moja, oringi (raba ya duara ya kuzibia) nzima, glandi imebana, nikifungua nakuta tone la maji limekaa juu ya skrubu ya terminali, kila siku tone lile lile. Mwisho nikaikata kebo mita tatu kutoka kwenye boksi nikaikamua kwa vidole ikatoa maji kama kitambaa. Ganda lilikuwa na mkwaruzo mdogo huko mbali, nyuzi za shaba zikavuta maji kama utambi wa taa unavyovuta mafuta mpaka ndani. Glandi ingefanya nini hapo?

Tangu siku hiyo naangalia ganda kwanza. PVC ya kawaida nje kwenye jua na baridi inakauka na kupasuka. PUR (poliurethani) inavumilia mafuta na kukwaruzwa, ila uliza kama ni ya polieta, ile ya poliesta inaozeshwa na maji yenyewe. Kebo ya silikoni ni ya joto, ukiiburuta kwenye kona ya bati inachanika. Na waya wa ndani uwe shaba iliyopakwa bati (tin).

fundi_pini
@kebo_na_chumvi umenimaliza 😂 lakini kweli. Niongeze tu, boksi likishika joto mchana halafu likamwagiwa maji baridi hewa ya ndani inasinyaa na boksi linavuta pumzi, maji yaliyokaa kwenye gasketi yanaingia nayo. Weka kizibo chenye utando unaopitisha hewa ila sio maji, chini ya boksi. Kebo nazo ziingilie chini, na kila moja iache tumbo lining'inie ili maji yadondoke kabla ya kufika.

waya_mbichi
Aisee. Nimekwenda sasa hivi kukata kebo moja ya zamani. Terminali nilikuwa nimeshaisafisha inang'aa, lakini nilivyochuna ganda shaba ni nyeusi kama sentimita ishirini kwenda ndani, na nilikuwa naenda kuifunga kwenye M12 mpya hiyo hiyo. Zote nne nazitupa, naweka PUR ya polieta na M12 za IP69K zilizofungwa kebo kiwandani.