MREJESHO: Tangi la matumbawe, alikaliniti iliyokuwa haikai

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Mimi ndiye yule wa Tanga mwenye tangi la maji ya bahari la lita 200 ninalofugia matumbawe, niliyelalamika kwamba kalsiamu imegota miligramu 340 kwa lita na alikaliniti (kipimo cha bikaboneti kwenye maji) digrii 6, na kila nikiongeza dawa ya kuzipandisha inageuka unga mweupe kwenye hita na pampu.

Mlioniambia nipime magnesiamu kwanza, Mungu awabariki. Ilikuwa miligramu 1080 kwa lita, chini mno, ndiyo maana dawa ilikuwa inaganda! Nimeipandisha polepole kwa wiki nzima hadi 1300, na ule unga haukurudi tena. Kumbe nilikuwa namwaga hela.

Ushauri wa maji ya chokaa nao nimeufuata: gramu moja na nusu ya chokaa safi (kalsiamu haidroksaidi) kwa lita ya maji, naacha yatulie, kisha yale maangavu ya juu yanadondoka tone tone usiku kufidia maji yanayokauka. Kwa joto la huku ni kama lita mbili kila siku. Sikutumia chokaa ya kupaka ukuta (aliyependekeza anisamehe).

Sasa aibu yangu. Mliniambia alikaliniti isipande zaidi ya digrii moja kwa siku. Mimi, haraka zangu, nikamimina bikaboneti ya soda, ikaruka kutoka 6 hadi 9 kwa siku moja. Tumbawe la matawi likaungua ncha, baada ya siku nne likabaki mfupa. Matumbawe laini hayakujali.

Leo kalsiamu 420, alikaliniti 8, wiki ya pili haijatikisika. Asanteni sana.